Zawadi na mapambo ya mbao kwa skroli soo: wazoefu na wanaoanza, uzi wetu huu hapa

mkata_nakshi

Wakuu, habari za wakati huu.

Makabati yana nyuzi zake humu, milango ina nyuzi zake, hata gundi ina uzi wake wenye ugomvi wa kurasa na kurasa. Skroli soo inatajwa kwa nusu sentensi, watu wanahamia kwingine. Leo naifungulia mlango.

Kwa ambaye hajaiona: ni mashine ya kukaa mezani. Ina mkono juu na mwingine chini, na kati yake bledi nyembamba iliyobanwa ncha zote mbili, inapanda na kushuka. Bledi haiendi popote, ubao ndio unaouzungusha wewe kwa mikono miwili. Wengine huiita msumeno wa nakshi. Haipasui magogo. Kazi yake ni mikunjo na matundu: majina, nyota za kutundika, fremu za picha, wanyama wa kusimama mezani, pazo za watoto (picha za kupanga vipande), visanduku vya pete.

Nianze na aibu yangu ili mjue mnaongea na nani. Zawadi yangu ya kwanza ilikuwa ya rafiki aliyekuwa anaoa. Nikaona nikate majina yao wawili kwenye ubao mmoja, herufi ziwe matundu, taa iwekwe nyuma. Nikachora, nikatoboa, nikaingiza bledi kwenye A ya kwanza. Nikaizungusha taratibu, mstari umekaa vizuri, najipongeza kimoyomoyo. Nilipofunga mkato, A ikadondoka nzima pamoja na kile kipembetatu cha ndani. Nikabaki na tundu lenye umbo la hema. Na majina yetu yalivyojaa A, kufikia mwisho nilikuwa na mahema matano ubaoni.

Tangu siku hiyo herufi yoyote yenye kisiwa ndani yake, A, B, D, O, P, R na wenzao, naiwekea vidaraja viwili vya upana wa milimita 2 au 3 vya kukishikilia kisiwa na bara. Navichora kabla sijagusa mashine, navipaka rangi nyekundu, maana mkono ukishanogewa haukumbuki kitu.

Lakini lililonifanya niandike ni jingine. Miaka miwili ya mwanzo niliamini mkono wangu ni mzito. Mstari ukiyumba, najilaumu. Kingo zikiungua, najilaumu. Ubao ukirukaruka, naogopa na kuzima. Baadaye sana ndipo nikagundua kwamba karibu kila kosa lilitoka kwenye kile kipande cha chuma cha urefu wa inchi 5. Kwenye mashine hii bledi ndiyo mashine. Hayo mengine yote, mota, mikono, meza, yapo kwa ajili ya kuishikilia tu.

Kwa hiyo tuanzie hapo. Bledi za kawaida zina urefu wa inchi 5, yaani milimita 127. Kuna zenye kipini kidogo kilichokatiza kila ncha, na kuna zisizo na pini, ncha zake bapa tupu, zinabanwa kwa skrubu. Halafu zina namba. 2/0 ni kama unywele, ya vipande vya milimita 2 au 3. Namba 3 ni ya plaiwudi ya milimita 6. Namba 5 ndiyo ninayoishi nayo, mbao za milimita 12 hadi 18. 7 na 9 ni za mbao nene au ngumu. Namba inavyopanda, bledi inanenepa, inapenda mstari ulionyooka na inakataa kona kali.

Meno yaelekee chini. Najua mnacheka. Siku utakayoifunga kichwa chini miguu juu, ubao utakupigia ngoma mezani na hutacheka.

Halafu ukaze. Iguse kwa kidole kama uzi wa gitaa: ikilia "tii" nyembamba na safi, endelea. Ikisema "bup", kaza tena. Ukiisukuma kwa mbele isirudi nyuma zaidi ya milimita 3 hivi. Bledi legevu inapinda ndani ya ubao wakati wewe juu unaona uko kwenye mstari, ukigeuza upande wa chini unakuta mchoro mwingine kabisa.

Na ibadilishe kabla haijakatika. Bledi ikichoka haikuambii, inakufanya usukume. Kwenye mbao ngumu natupa baada ya dakika 20 au 30 za kukata. Ukijikuta mabega yamepanda hadi masikioni, siyo wewe, ni bledi.

Karibuni. Maswali, makosa, picha, vyote ruksa.

Kekee

Naweka kambi hapa. Mkuu, mashine yangu inakubali bledi za pini tu. Kila tundu la ndani inabidi nitoboe kwa keekee ya milimita 5 ndipo pini ipite, na kwenye michoro midogo tundu linakuwa kubwa kuliko jicho la ndege ninayemkata. Niiuze?

mkata_nakshi

Usiiuze mkuu. Mashine nyingi za pini zinakubali vibanio vya kubadilisha ili zishike bledi bapa, angalia kwanza kama yako inavyo. Bledi bapa nyembamba inapita kwenye tundu la milimita 1, hapo jicho la ndege linawezekana.

Wakati unatafuta, chagua michoro inayoendana na ulichonacho. Nyota, mioyo, majina ya herufi kubwa, majani mapana. Toboa kwenye sehemu itakayotupwa, karibu na kona, siyo katikati ya mkunjo. Ukianzia kwenye kona, pale mkato unapokutana hapaonekani. Ukianzia kwenye mkunjo, unabaki na kakinundu ambako kila atakayeshika ile zawadi atakapapasa.

Na unapotoboa weka kipande cha mbao chakavu chini. Kisha geuza, ukwangue nyuzinyuzi zilizotokeza upande wa nyuma. Zikibaki, ubao unakaa juu yake kama meza yenye mguu mmoja mrefu.

Leza_Kijana

Wazee wangu, hivi mnajitesa nini? Mashine ya leza, ya kukata kwa mwanga, inakata nyota mia huku nimelala. Mnazungusha kaubao nusu saa kwa nyota moja!

bi_randa

Leza mdogo wangu, umelala kweli, amka tuongee.

Mimi nina jirani wa karakana mwenye leza na tunaheshimiana. Plaiwudi ya milimita 3, maandishi madogo, idadi kubwa: pale simfikii na sijaribu. Lakini leza inakata kwa kuunguza. Ukingo wake ni mweusi na una harufu ya moshi, na kuuficha ukingo wa ubao wa mninga ni kama kununua kitabu ukararua jalada. Mpe ubao mgumu wa milimita 25 aukate kwa ile mashine yake ya mezani uone atakavyohangaika. Halafu mpe kipande cha mche mraba, umwambie atoe mnyama anayeonekana pande zote nne. Hapo atakuja kunigongea.

Kingine, nyota mia unazosema nami nazikata, si moja moja. Plaiwudi nne za milimita 3 nazibananisha, nazifunga tepu kuzunguka kingo, inakuwa kama ubao mmoja wa milimita 12. Bledi namba 5, nakata mara moja, napata nne zinazofanana kama mapacha. Na kuna faida hamjui: plaiwudi moja nyembamba peke yake inatetemeka na bledi inaipiga makofi. Zikiwa nne zinatulia.

Leza_Kijana

Shikamoo dada. Nimeamka.

bi_randa

Marahaba. Kaa hapo mbele.

Kekee

Swali jingine la aibu. Nikifuata mstari ulionyooka, bledi inaniburuta kulia. Siku zote kulia. Nimepima meza, nimekaza bledi mpaka inaimba. Ni mashine mbovu?

mkata_nakshi

Haina ubaya wowote, na hili swali lilinilaza macho mimi pia.

Bledi nyingi hutengenezwa kwa njia inayoacha kaukali upande mmoja wa meno. Ukipitisha ukucha taratibu ubavuni, bila mashine kuwaka, utakuta upande mmoja laini na mwingine unaparuza. Upande unaoparuza unakula zaidi, kwa hiyo bledi inavutika kuelekea huko, na kwa kawaida ni kulia. Kwa anayetoka kwenye msumeno wa duara, mwenye mazoea ya kusukuma ubao moja kwa moja, ni mateso.

Dawa: usishindane nayo. Geuza ubao digrii chache uelekee kidogo upande huo, mstari wako uende kwa mshazari kwenye meza, kisha sukuma. Ukitazama kwa pembeni unaonekana kama unakata kombo, lakini mkato uko kwenye mstari. Baada ya wiki mbili mkono unafanya wenyewe. Na usijaribu kuweka kibao cha kuegemeza ubao ili uende wima kama kwenye msumeno wa meza. Utaishia kuvunja bledi na kutukana.

fundi_mtulivu

Nimekuwa kimya nasoma. Naongezea mawili.

La kwanza, utaratibu wa kukata. Anza ndani, toka nje. Matundu madogo ya katikati kwanza, halafu makubwa, mzingo wa nje mwisho kabisa. Wanaoanza wanapenda kukata mzingo wa nje kwanza kwa sababu wanataka kuona umbo. Sasa umbo umeliona, halina tena ubao wa kulishika wala nafasi ya vidole, na bado una matundu thelathini ya kukata ndani yake. Linavunjika mkononi.

La pili, kona za ndani, mfano ncha ya jani. Usizunguke na bledi ukiwa kwenye mstari, itachonga kaduara. Ingia mpaka kwenye ncha, rudi nyuma milimita chache ndani ya sehemu ya kutupa, zungusha ubao pale pale papo hapo bledi ikiwa inapiga, kisha ingia tena kwa mgongo mpaka kwenye ncha na uondoke kwa mstari wa pili. Bledi nyembamba inazunguka kwenye upana wake yenyewe. Wakati wa kuzungusha, egemeza ubao kwenye mgongo wa bledi, mgongo hauna meno. Ukiegemeza ubavuni utakula nakshi.

Vumbi_Jembamba

Kuhusu kuungua kingo: wekeni selotepu ile pana ya kufungia maboksi juu ya mchoro. Mwisho wa matatizo. Ile tepu inalainisha bledi.

fundi_mtulivu

Hapo sikubaliani ndugu. Kuungua kunatokana na kasi kubwa na kusukuma polepole mahali pamoja. Punguza kasi. Tepu ni imani.

Vumbi_Jembamba

Imani iliyoniokolea mkangazi wa watu. Jaribu kabla hujahukumu.

mkata_nakshi

Nimewasoma asubuhi nikaenda kujaribu, maana mabishano ya tepu nimeyasikia tangu nianze.

Nilichukua ubao mmoja mgumu wa milimita 18, nikachora miduara minne inayolingana. Miwili nikaweka tepu, miwili nikaacha wazi. Bledi mpya namba 5 ikakata mmoja wa kila aina, bledi niliyoichosha jana ikakata mingine. Kasi ile ile, kati na kati.

Bledi mpya: wenye tepu safi, usio na tepu una kivuli cha kahawia sehemu moja niliposita. Tofauti ipo lakini unaitafuta kwa jicho. Bledi chakavu: usio na tepu umeungua kama kaa, wenye tepu una michirizi myeusi nusu ya mzunguko. Kwa hiyo tepu inasaidia, Vumbi uko sahihi. Na Mtulivu yuko sahihi kwamba haikuokoi. Na mimi narudi palepale mtakaponichoka: bledi mpya bila tepu imeshinda bledi chakavu yenye tepu.

Kasi nayo ina lake. Mashine nyingi zenye kidhibiti zinaanzia mipigo kama 400 kwa dakika hadi kwenye 1,800. Mbao laini na plaiwudi naenda juu. Mbao zinazopenda kuungua nashuka hadi nusu.

Ila tepu nina sababu nyingine ya kuipenda. Usibandike karatasi ya mchoro moja kwa moja kwenye mbao. Tandika kwanza tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, kisha gundi na mchoro juu yake. Ukimaliza unaivuta yote kwa mara moja kama ngozi ya kinyonga. Nimewahi kukwangua karatasi iliyoshikana na mbao kwa siku mbili kwa kiyeyusho na kucha, nikavunja mkia wa samaki niliyemkata vizuri kuliko vyote.

Kekee

Mtu akitaka mbao isiyomsumbua kwa kuanzia?

bi_randa

Plaiwudi ya mti wa bechi (birch) ya milimita 6, tabaka nyingi nyembamba zisizo na mapengo ndani. Plaiwudi rahisi ina mashimo katikati, unakata vizuri mara kipande cha tabaka kinachomoka na kukuacha na pengo kwenye herufi.

Paini ina ulaghai: mstari wa laini, mstari wa mgumu, bledi inapita kama gari kwenye matuta. Mtiki unanukia vizuri na unapendeza lakini una chembe za silika, unamaliza meno ya bledi haraka sana. Mpingo usianze nao, na ukianza nao vaa barakoa, vumbi lake linawasha ngozi na pua za watu wengi.

Na kwenye mbao halisi angalia nyuzi. Mguu mwembamba wa swala ukikatwa kukatiza nyuzi utavunjika siku ya kwanza mtoto akimshika. Geuza mchoro nyuzi ziende na urefu wa mguu. Kama mnyama ana miguu inayoenda huku na pembe zinazoenda kule, tumia plaiwudi, usipoteze muda kubishana na mti.

Tukiwa kwa watoto, pazo ndizo zinazonilisha raha. Mnajua zilianzia kwenye ramani? John Spilsbury, mchonga ramani wa London, kwenye miaka ya 1760 alibandika ramani kwenye ubao na kukata nchi kwa kufuata mipaka, watoto wajifunze jiografia. Mimi nimemuiga: badala ya kukata vijisehemu vya ovyo, nakata kwa kufuata kitu chenyewe. Kobe, kila kigae cha gamba lake ni kipande kimoja. Mtoto akimaliza kupanga amejua kobe ana vigae vingapi mgongoni, bila kufundishwa.

Angalizo moja silifanyii mzaha. Watoto chini ya miaka 3 kila kitu kinaenda mdomoni. Kipimo kinachotumika kwenye usalama wa vitu vya kuchezea ni silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7: kipande kikiingia chote ndani yake, ni kidogo mno kwa umri huo. Nimetengeneza yangu kwa bomba, iko mezani. Kila kipande kinapita pale kabla sijakifunga. Macho ya kuchomeka na vishikio vidogo vidogo sahau.

Leza_Kijana

Dada, ule mche mraba wa pande nne uliosema. Kweli unatoka mnyama mzima? Nimekaa hapo mbele kama ulivyoniambia.

bi_randa

Hilo namwachia mwenye uzi, ndiye bingwa wa twiga.

mkata_nakshi

Bingwa wa kuvunja shingo za twiga, labda. Twende.

Chukua mche wa milimita 40 kwa 40, urefu kama 120, nyuzi ziende wima na miguu. Mashine nyingi zinakata hadi karibu milimita 50, kwa hiyo 40 inaingia. Upande mmoja bandika twiga anayeonekana ubavuni, upande unaofuatana nao bandika twiga anayekutazama usoni. Vichwa viwe kimo kimoja, kwato kimo kimoja. Mchoro unakunjwa kwenye kona ya mche, ndiyo njia rahisi ya kulinganisha.

Kata upande wa kwanza wote. Usitupe kitu. Twiga na mabaki yake yote virudishe pamoja kama vilivyokuwa, funga tepu kwa nguvu, mche urudi kuwa mche. Geuza digrii 90, kata upande wa pili. Hapo katikati huoni chochote, ni mche wa mbao na tepu tu. Ukimaliza, fungua tepu, anza kuondoa mabaki, kipande cha mbele, cha nyuma, cha kati ya miguu, mpaka twiga anatoka mwenyewe humo ndani amesimama. Nimefanya mara nyingi na bado siwezi kufungua nikiwa peke yangu, lazima niite mtu aone.

Hapa bledi isipokuwa wima kabisa kwenye meza, twiga atakuwa na miguu miwili minene na miwili kama njiti. Msiamini kipimo cha digrii kilichobandikwa chini ya meza. Fanya hivi: chukua kipande chakavu kinene, kata kidogo kwa ndani, milimita 2. Zima. Zungusha kile kipande nyuma ya bledi, uone kama mgongo wa bledi unaingia kwenye ule ule mkato. Ukiingia kama funguo, meza iko sawa. Ukigoma juu au chini, meza imelala. Rekebisha, rudia.

Bledi namba 7 au 9, mpya, na usiharakishe. Ubao mnene ukisukumwa unaipinda bledi kwa ndani, mkato unakuwa na tumbo.

fundi_mtulivu

Kwa kuwa tumefika kwenye meza kulala, kuna wakati unaitaka ilale. Njumu. Kuchomeka mti mweupe ndani ya mweusi bila pengo hata la wembe.

Weka ubao mweupe juu ya mweusi, ubandike kwa tepu ya pande mbili, inamisha meza kidogo, kata umbo kwa pamoja. Kwa kuwa mkato umelala, kipande cha juu kinakuwa kipana juu na chembamba chini, kinashuka kwenye tundu la ubao wa chini na kukaza kama kizibo. Mlazo unategemea unene wa ubao na upana ambao bledi inaula. Kwa ubao wa milimita 6 na mkato wa milimita 0.4, ni karibu digrii 4. Ubao mnene zaidi, digrii zinapungua. Zunguka upande mmoja tu mwanzo hadi mwisho. Ukibadilisha upande, kipande kinapita chote kama sarafu kwenye kisima.

Wazo la kukata vitu viwili pamoja ili vibadilishane si la jana. Yule seremala Mfaransa André-Charles Boulle, aliyefariki 1732, alibananisha shaba na gamba la ng'amba, akavikata pamoja kwa msumeno mwembamba, akapata fanicha mbili: moja shaba ndani ya gamba, nyingine gamba ndani ya shaba. Yeye hakulaza mkato, na hakuwa na mota.

Vumbi_Jembamba

Jina langu linanilazimu kusema hili. Skroli soo haitoi maranda, inatoa unga. Ule mfereji wa hewa unaopuliza mstari uonekane unaupeleka unga huo huo puani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeweka vumbi la mbao kwenye Kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ya kitambaa haitoshi, tafuteni za kiwango cha FFP2 au N95, na chini ya meza weka kifyonza vumbi.

bi_randa

Na vitambaa vya mafuta! Nakshi yenye matundu usiipake kwa brashi, kila tundu litabeba tone na tone litakauka kama kamasi. Mimi namimina mafuta ya kitani kwenye sinia, naitumbukiza nzima, natundika ichuruzike, nafuta. Sasa kile kitambaa cha kufutia usikikunje ukakitupa kwenye ndoo. Mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinalifungia hilo joto mpaka kinawaka chenyewe. Mimi nilikikuta cha moto mkononi, dakika chache zaidi ningekikuta moto wenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kiloweke kwenye maji.

Kekee

Wakuu, mrejesho.

Vibanio vya bledi bapa nimevipata na vimekaa. Nimekata jina la mama, plaiwudi milimita 6, bledi namba 3, vidaraja nimevipaka nyekundu kama ulivyosema. A zote tatu zimetoka na visiwa vyake. Nilipiga kelele ndani ya nyumba.

Halafu nikaanza kupiga msasa. Nikiwa kwenye A ya mwisho msasa ukanasa kidaraja, tak, kimevunjika. Kisiwa kinaning'inia kwa kidaraja kimoja.

mkata_nakshi

Hongera mkuu. Gundi nyeupe kwa ncha ya kijiti, tone moja, rudisha kidaraja, ubandike selotepu nyuma kikishikilie, acha mpaka kesho. Usikiguse hata kwa kuhakikisha kama kimeshika. Kikikauka kwangua ziada kwa wembe, siyo msasa.

Na ubao unaofuata, msasa unapigwa kabla ya kubandika mchoro, wakati ubao bado mzima. Ukishakata unabaki na kufuta nyuzi za nyuma tu, kwa kipande kidogo cha msasa laini ulichokikunja kwenye kidole. Hilo nilipaswa kuliandika kule juu.

Kekee

Nimetia gundi. Mama kapita akauliza mbona A moja imefungwa bandeji. Nimemwambia ni mapambo.